Imla ya Kutazama Ukuta

Shoga, masikio! Shida ni masikio, si ujinga!

Dada yangu mwalimu, yule anayejigamba kwamba hata jiwe atalifundisha kusoma, leo kampeleka bintiye hospitali. Si unajua anamfundisha mwenyewe darasa la pili, na anamwita "gogo" mbele ya wenzake?

Daktari kachungulia. "Mama, hili sikio limetoka usaha mara ngapi?"

"Tangu mdogo. Likikauka najua kapona."

"Ndani kumejaa maji. Hasikii vizuri, anasoma midomo."

Midomo, shoga! Dada kaganda. Maana kila siku ya imla alikuwa anamfokea: "Unaniangalia mdomo uibe majibu? Geukia ukuta!" Mwaka mzima mtoto kaandika imla akitazama ukuta, kapata sifuri, kachapwa.

Sasa daktari kafunika mdomo wake kwa karatasi ampime mtoto. "Mwanangu, sema: samaki."

Mtoto kamtazama mama yake, kashuka kitini, kakigeuza, kakaa akitazama ukuta.

Dada kamwomba msamaha palepale, huku mtoto kampa mgongo. Hakusikia hata neno.

Mengine nitakumwagia kesho. Dada yuko chumba cha pili, na yeye masikio yake mazima.