Picha Aliyoikataa Mama Rael

Takoma Park

Mjukuu wangu Chebet,

Sote hapa tunakusalimu. Nyanya yako amepata nafuu, na mama yako bado anafanya kazi ya zamu hospitalini.

Unauliza kwa nini yule muuza chapati za mahindi huko Guatemala alikasirika ulipompiga picha akicheka, kisha akataka nyingine akiwa amekaza uso, na ni ipi uwaonyeshe watu.

Nilipokuwa mwalimu kijana kule kijijini kwetu, nilimpiga picha jirani yetu, Mama Rael, akipukuchua mahindi na kucheka.

"Mwalimu, na leso hii ya shamba? Unanitafutia aibu!"

Akaenda kuvaa nguo za kanisani, akarudi, akaketi wima kama askari. Picha zilipooshwa, aliniamuru niichome ile ya kwanza. Nikaichoma.

Alipofariki, wanawe waliitazama ile iliyobaki, wakaniuliza, "Mwalimu, huna moja akiwa anacheka? Huyu hatumjui."

Sikuwa nayo. Hadi leo sijui kama nilimheshimu Mama Rael au niliwanyang'anya watoto mama yao. Kwa hiyo siwezi kukuamulia. Mpelekee huyo mama wa chapati picha zote mbili, saa ambayo watoto wake wako nyumbani.

Babu yako