Samaki wa Anysie

Alhamisi, 3 Aprili 2025

Amepatikana! Si kwangu — kwa Anysie. Huu msimu wa nne namtafuta samaki stajeni jike mwenye mayai humu mtoni Potomac, mpaka nimeota sharubu zake na ile mifupa ya mgongoni. Anysie kaingia juzi tu kwenye kazi yetu ya kuchunguza samaki (nimemwingiza mwenyewe!), wavu wake wa kwanza — huyo hapo, tumbo nene. Bosi wetu Christopher nusura alie. Majike hawa hawatagi kila mwaka, ukimkosa umemkosa. Desturi ya botini: aliyemnasa ndiye anampa jina, na akisikika tena mtoni, ndiye anatangaza. Kamwita Mahoro, jina la mama yake. Mimi nilishamwekea la bibi yangu. Wakati wanamtia samaki tumboni kidude cha sauti chenye namba yake, nilipewa kushika mkasi. Mkasi!

Jumapili, 6 Aprili

Kanisani Silver Spring, mchungaji kamsimamisha mbele. Vigelegele. Anysie akasema ni dada Bupe alimfundisha kila kitu. Watu wakanigeukia, nikatabasamu mpaka mashavu yakauma. Bora angenisahau. Baadaye kaniletea lengalenga, mchicha wa kwao. Tamu — imenikera zaidi. Wivu kidonda, wanasema. Changu kimeshatunga usaha.

Jumanne, 8 Aprili

Ijumaa mkandarasi anashusha mashine kuchimba kokoto chini ya maporomoko. Hapohapo wanapotaga! Christopher anasema tukithibitisha jike yuko pale, lazima wa-stop. Mahoro kimya tangu juzi. Nimefurahi kidogo. Eh, nimefurahi! Shetani gani huyu.

Alhamisi, 10 Aprili

Zamu yangu, niko peke yangu botini. Nimeshusha maikrofoni majini — ti, ti, ti. Namba yake! Mahoro, juu ya kokoto, ametulia. Nikapiga kelele ya furaha. Halafu nikachukua simu.

Anysie yuko Columbia kwenye kazi yake nyingine ya kulea wazee. Nikimwambia, atatangaza yeye. Nikimpigia Christopher mimi mwenyewe, nimevunja desturi na wote watajua kwa nini. Nisiposema — kesho mashine. Mayai yote. Sitaki kuwaza hilo, na nimeshawaza.

Nimemwandikia Anysie: "Samaki wako amefika." Nikafuta "wako". Nikalirudisha. Sijatuma.

Simu ikalia — yeye! "Dada Bupe, umekula? Na Mahoro, bado hajasikika?"

Ti, ti, ti. Nimefunika spika ya botini kwa kiganja, asisikie.

"Dada?"

Nimekata simu. Anapiga tena.