Magunia Saba ya Sukuma

Jumatatu, 3 Juni
Viwavi ishirini na sita kabla ya chai. Wote wamejificha chini ya majani ya sukuma, mboga niliyopanda uani kwenye magunia saba ya udongo. Nimewatumbukiza kwenye mkebe wa maji ya sabuni. Mgongo unauma.

Otieno, msimamizi wa ploti yetu ya nyumba za kupanga hapa Mbotela, amekuja. Eti viwavi wangu wanapanda nguo za watu kwenye kamba. "Mathe, piga dawa. La sivyo Jumamosi hizi magunia zote natoa."

Ajaribu! Marehemu mume wangu alipiga dawa kwenye shamba la maua miaka kumi na moja. Nililala na kikohozi chake mpaka kikamzika. Sipigi.

Jumanne, 4 Juni
Nimetwanga pilipili na kitunguu saumu, nikatia maji na sabuni ya kipande. Hasira ikanifanya niongeze pilipili maradufu. Nikanyunyiza saa saba mchana, jua la utosi.

Jumatano, 5 Juni
Mjinga mimi! Magunia mawili yameungua majani. Viwavi wazima, wanatafuna. Mama Achieng wa nyumba ya pili amecheka, akaniambia dukani dawa imejaa. Nimelia kidogo. Nikapenga kamasi, nikarudi kuokota.

Alhamisi, 6 Juni
Pilipili kidogo, jua likishuka. Mayai ya vipepeo pia, yale ya manjano chini ya majani: nayaponda kwa kidole gumba.

Kiwavi mmoja hasogei. Ubavuni ana vitu vidogo kama punje za mchele. Nilitaka kumponda. Nikamkumbuka mama, huko Bungoma, alivyokuwa akisema: huyo mwache, nyigu wadogo wamemtagia, watatoka wawamalize wenzake. Nimemwacha.

Ijumaa, 7 Juni
Viwavi tisa. Sijala. Naogopa kesho.

Jumamosi, 8 Juni
Otieno amefika na mkokoteni. Nikasimama mbele ya magunia na kisu changu. Cha mboga tu, lakini nilikishika vizuri.

Akageuza jani moja moja. Kiwavi hakuna, ila ganda kavu la yule wa nyigu. Akapata matundu. "Lakini hii imeliwa, mathe."

"Imeliwa, na aliyeila hakufa. Yako ya sokoni hata mdudu ameikataa. Wewe unakula?"

Mkokoteni umerudi mtupu.

Jumapili, 9 Juni
Nimetoka kanisani, nimemkuta mke wa Otieno mlangoni na sufuria. Mtoto wao mchanga ameanza kula. Anataka mboga isiyo na dawa. Nimemchumia, matundu na yote.

Kisha nimekalia kiti cha marehemu, kando ya magunia. Viwavi wawili leo.