Kisukuma cha Mwalimu Loveness

Didia, 2 Februari 2025

Mwanangu Loveness, mwalimu wangu,
Hujambo huko Rwamgasa? Kifua kimepona? Mimi mzima, ila miguu haitulii mpaka barua yako ifike. Kondakta wa basi linaloleta barua akiniona stendi anacheka tu. Simu ninayo, lakini ujumbe wa simu jirani yangu Mama Abel hauoni. Barua naifungulia uani, majirani wanakaa, nawasomea kwa sauti. Nimewaambia uko kwenye semina ya walimu wa Kiingereza, na kwamba mkufunzi akikosea wewe ndiye unayemrekebisha. Si ndivyo? Andika upesi.
Mama yako

Rwamgasa, 9 Februari 2025

Shikamoo Mama,
Kifua kimepona. Simrekebishi mtu. Mkufunzi wetu, Mwalimu Donatus, anatufundisha tusikimbilie kalamu nyekundu. Mtoto akikosea Kiingereza, kwanza tujiulize sentensi yake imejengwa kwa lugha gani ya nyumbani. Wenzangu walijibu. Mimi, Msukuma wa Didia, niliinamia daftari. Sijui Kisukuma, ulinikataza.
Kuna mwanafunzi wangu hapa, Rebeka, nilimtoa nje ya darasa kwa kuongea Kisukuma. Hajarudi. Anaosha mchanga wa dhahabu mwaloni na bibi yake. Nilikwenda, bibi hajui Kiswahili. Nikatabasamu kama mgeni, nikaondoka. Njoo, Mama, umwombe amrudishe shule.
Binti yako

Didia, 13 Februari 2025

Loveness,
Marahaba. Mimi mzima, ingawa hukuuliza.
Barua yako niliifungua uani kama kawaida. Nilipofika hapo pa "sijui Kisukuma", nikaacha kusoma. Mama Abel akasema, "Endelea, Mama Loveness, tunasikiliza." Nikasingizia miwani. Nilikuzuia Kisukuma ili usichekwe shuleni kama nilivyochekwa mimi, na leo nachekwa uani kwangu. Siji. Mwambie huyo Donatus wako aende.
Mama yako

Rwamgasa, 19 Februari 2025

Shikamoo Mama,
Unaendeleaje? Miguu je? Pole kwa ya uani.
Mwalimu Donatus ni mtu wa Kigoma, Kisukuma hakijui. Nilirudi mwaloni peke yangu na neno moja ninalolikumbuka, lile ulilokuwa ukimwitia mama yako, bibi Mbuke: mayu. Nikamwita hivyo yule mama mzee. Aliacha kuosha, akageuza ndoo nikalie. Akaongea, akaongea. Sikuambulia kitu, na Rebeka alikataa kunitafsiria. Akanitazama tu, kama nilivyomtazama mimi siku ile mlangoni. Mkuu wa shule anasema asiporudi mwezi huu, basi tena.
Binti yako

Didia, 23 Februari 2025

Mwanangu,
Hujambo? Mimi tangu barua ifike sijakaa chini, hata kuku wananishangaa. Hii sikumsomea mtu.
Nakuja Jumanne kwa basi la alfajiri. Ila sitakuombea. Wewe uliyemtoa mtoto ndiye utakayeongea na bibi yake, mimi nitakaa nyuma yako nikunong'oneze. Ukikosea sitacheka. Wao wakicheka, vumilia, endelea.
Nikishuka tu stendi, Kiswahili sikijui. Ukinisalimia kwa Kiswahili napita kama sijakuona.
Majirani nimeshawaaga. Mama Abel aliuliza safari ya nini. Nimemwambia nakuja kwako kujifunza Kiingereza.
Mayu