Baka Lisilotoa Jasho

Jumatatu, 15 Aprili

Wewe uliyeokota daftari hili, tafadhali lifunge. Kama umeshasoma mstari huu, ishia hapa, na usimwambie mtu hata neno moja. Nakuomba kama ambavyo ningemwomba mama yangu. Mimi ni karani tu wa vyeti vya kuzaliwa, manispaa ya Bobo-Dioulasso. Sijamkosea mtu.

Nina baka mkononi. Mkono wa kushoto, chini ya kiwiko, upana wa kifuniko cha soda. Limepauka. Haliwashi, haliumi. Tangu Januari nalificha kwa mashati ya mikono mirefu — na joto hili! Leo ofisi nzima tulichuruzika. Mkono wangu wote umeloa, baka peke yake kavu, kama liko mji mwingine. Labda linapona?

Jumatano, 17 Aprili

Nimetafuta kwenye simu, mlango nimeufunga. Jina la ugonjwa ninaouogopa siliandiki hapa. Picha zote ni mabaka mekundu, mekundu kama nyanya. Langu si jekundu hata kidogo! Nimetazama picha arobaini. Hakuna hata moja inayofanana na langu. Asante Mungu. Nimekula mabakuli mawili ya ugali wa mtama na bamia. Tarehe 27 wajomba wanapeleka kola, zile kokwa za posa, kwa kina Haoua, mchumba wangu. Zipelekwe tu!

Ijumaa, 19 Aprili

Mama Pelagie ana dawati la vifo, mimi la vizazi. Yeye Mmosi, mimi Msamo — makabila ya watani. Kwa hiyo ana haki ya kunitukana tangu asubuhi mpaka jioni, nami sina haki ya kununa.

Leo, mbele ya watu: "We mtumwa wangu, mikono mirefu mwezi wa nne? Umeniibia nini humo?" Nikamjibu mtumwa ni yeye, babu yangu alimpata kwa kibuyu cha karanga, tena akajuta. Akanikamata mkono, akaukunja mkono wa shati mwenyewe. "Ona! Hata rangi imemkimbia bwana wake!" Watu hoi. Mlinzi alikuwa anagawa chai. Mama Pelagie akachukua glasi iliyotoka jikoni wakati huohuo, akaibandika juu ya baka, kwa mzaha.

Nikacheka nao. Nikangoja kuungua.

Mama Pelagie akaiondoa glasi. Hakucheka. Aliteremsha mkono wa shati langu polepole, akafunga kifungo. Mpaka saa ya kufunga hajanitukana hata mara moja. Miaka miwili ninamjua, sijawahi kuogopa hivi.

Nyumbani nimekuta lengelenge.

Jumatatu, 22 Aprili

Saa nne Mama Pelagie akamwambia mkubwa wetu anamwazima mtumwa wake kidogo. Akanipeleka hospitali, chumba cha magonjwa ya ngozi. Muuguzi ni mzee Konaté, miwani yake imefungwa uzi. Alitaka Mama Pelagie asubiri nje. "Nje? Huyu ni mali yangu!" Nikasema abaki.

Nikamweleza mzee kuhusu picha nilizoziona. Akaguna. "Mwanangu, hizo ni ngozi za Wazungu. Sisi baka hili haliwi jekundu hivyo. Linapauka, au linakuwa kama shaba. Linatoa jasho?"

Nikatikisa kichwa.

Akasema nifumbe macho, na kila akinigusa kwa uzi wa pamba nionyeshe kwa kidole. Nikaonyesha. Kiganja. Kidole gumba. Bega. Halafu akaacha. Nikangoja. Nikasema, endelea, mzee.

Kisha sauti ya Mama Pelagie: "Amekugusa mara saba, mwanangu."

Mwanangu! Si mtumwa.

Ukoma. Basi, nimeliandika.

Mzee Konaté hakubadilisha hata sauti. Vidonge miezi sita, bure. Nikishaanza simwambukizi mtu. Vidole vyangu vitabaki vyote kumi. Alisema nimewahi, wengine humjia wameshaviunguza jikoni bila kujua. Nililia — lakini kama mtu aliyetuliwa gunia kichwani. Miezi minne nimebeba kitu kisicho na jina. Sasa kina jina, na kina mwisho wake: Oktoba.

Langoni Mama Pelagie akafuta macho, akaniangalia. "Sikiliza, mtumwa. Ukiruka kidonge hata kimoja ukafa, cheti chako nitakiandika mimi, na jina nitalikosea makusudi." Nilicheka mpaka walinzi wakageuka.

Jumanne, 23 Aprili

Vidonge vya kwanza nimemeza mbele ya mzee. Mkojo umekuwa mwekundu! Alinionya, na bado niliruka.

Anataka majina ya watu wangu wa karibu, awapime na kuwapa dawa ya kinga. Nikaandika: mjomba, binamu wawili, Mama Pelagie. Mwandiko mzuri. Akasoma. "Mchumba huna?" Mama Pelagie akatazama dari. Nikachukua tena kalamu. Haoua Sanou.

Kola ni Jumamosi. Nisipomwambia mimi, nani atamwambia?

Nimemtumia ujumbe saa kumi na moja. Ameusoma. Bado hajajibu. Naunakili hapa nikumbuke nilisema nini:

"Haoua, usiogope, mimi mzima. Nina jambo la kukwambia na nataka ulisikie kwangu. Kesho saa mbili asubuhi njoo hospitali. Usipite lango kubwa, pita upande wa wodi ya wazazi, mlango wa kijani, benchi la tatu. Usitaje jina langu. Uliza mtumwa wa Mama Pelagie, watakuonyesha. Nitakuwa nimevaa shati la mikono mifupi."