Kigiriki Kabla ya Mvua

Jumanne, 7 Februari 1995

Uji. Kuku nje. Kisha Kigiriki saa nzima, kama kawaida. Somo la nne: vineno vidogo vinavyotangulia majina. Ishirini na vinne! Kiingereza kina viwili vitatu na kimetosheka. Kiswahili hatuna hata kimoja na tunaelewana vizuri. Wagiriki walikuwa na nafasi nyingi sana, hawa.

Nimeviandika kwenye karatasi kubwa nikaibandika ukutani kwa gundi ya unga, pale ilipokuwa kalenda. Ochieng', mume wangu, alikufa Agosti na kalenda ilikuwa bado inasema Agosti. Nimeitoa leo. Nimelia kidogo, si sana.

Sijaongea na mtu tangu asubuhi. Kuku hawahesabiki.

Ijumaa, 10 Februari

Bahasha kutoka Homa Bay. Mchungaji Elkana, anayenifundisha kwa posta, amerudisha zoezi la tatu. Kumi na tisa kwa thelathini. Wino mwekundu umejaa utadhani amechinjia kuku juu yake. Chini ameandika: "Dada Mghoi, usikate tamaa. Mtihani ni Machi 15, hapa kwetu. Nafasi ya mwanamke ni moja."

Moja. Chuo cha theolojia, miaka mitatu, bweni na chakula, kisha kazi ya uchungaji. Insha naiweza. Biblia naiweza. Kigiriki ndicho kinachowaangusha watu. Na barua ya kanisa lazima iseme mjane huyu hajarithiwa na mwanamume mwingine. Hiyo barua ninayo, nimeifunga kwenye leso chini ya godoro.

Nina miaka thelathini na sita. Mtoto hatukujaliwa. Tangu Agosti hiki ndicho kitu cha kwanza ninachokitaka.

Jumapili, 19 Februari

Kanisani nilikaa peke yangu kwenye benchi la watu watano. Hakuna anayenichukia. Wanaogopa chira, yaani mkosi unaomwandama mtu aliyevunja mwiko. Mume wangu amezikwa na bado sijachukuliwa na jater, mwanamume wa kumrithi mjane. Kwa hiyo mimi ni mke wa kaburi. Siingii nyumba za watu, na chakula changu hawakionji. Miaka kumi na moja nimeishi Macalder, nimewafundisha watoto wao kuimba, na sasa wananisalimu kutoka ng'ambo ya barabara.

Anayekuja ni Mama peke yake. Mama mkwe wangu. Anakaa kwenye kigoda nje ya mlango wangu akimenya karanga, mimi ndani naimba majedwali ya Kigiriki. Kijaluo changu ni cha kuombea maji. Kiswahili chake ni cha sokoni, aliuza samaki Migori miaka mingi. Tunaelewana hivyo hivyo.

Leo nimefika kwenye kitenzi cha kwanza. Luo, lueis, luei. Mama akasikia jina la kabila lake, akaacha kumenya. "Hiyo kitabu najua sisi?" Nikamwambia ni neno la Wagiriki tu, maana yake kufungua, kama kufungua ng'ombe. Akacheka mpaka karanga zikamwagika. Tukaziokota pamoja. Siku nzuri.

Jumatatu, 27 Februari

Mawingu yamekaa upande wa ziwa, meusi. Akinyi, mke wa shemeji yangu Odhiambo, amenoa majembe yote mawili na kuyaegemeza ukutani. Hajayagusa tena.

Najua anangoja nini. Ananingoja mimi. Katika boma hili kupanda ni kwa zamu. Mama kwanza. Halafu nyumba ya mwana wa kwanza. Halafu ya pili, ambayo ni ya Odhiambo. Mdogo akimruka mkubwa, chira inawapata watoto wake. Nyumba ya mwana wa kwanza ni mimi. Na mjane asiye na jater haruhusiwi kutia mbegu ardhini.

Nikikubali jater, chuo kimekwenda. Nisipokubali, watu wote wa boma hili wanakaa na majembe mikononi.

Odhiambo alikuja jioni. Alisimama nje, kofia mkononi. "Shemeji, wewe soma kitabu yako. Mimi sina shida na kitabu. Lakini mvua haingojangi mtu." Hakupaza sauti. Afadhali angepaza.

Alhamisi, 2 Machi

Jinsia tatu. Kitabu kinaomba radhi kurasa mbili nzima kwa sababu nomino zao zina jinsia tatu na kila neno lifuate. Nimecheka. Mtu aliyelelewa na ngeli utamtisha kwa tatu? Hapo ndipo pekee ninapowashinda Waingereza.

Lakini miisho ya maneno inaniua. Mwana akipiga, mwisho huu. Akipigwa, mwisho ule. Akipewa, mwingine. Nimefanya sentensi ishirini, nimekosa kumi na moja. Siku kumi na tatu zimebaki.

Jumamosi, 4 Machi

Imenyesha. Tangu alfajiri hadi saa nne. Harufu ya udongo imeingia mpaka ndani ya kitabu.

Macalder nzima iko shambani. Hata wachimba dhahabu wameacha mashimo yao wakashika majembe. Mama amepanda kipande chake, amemaliza saa saba. Baada yake, kimya. Shamba langu liko katikati, limelimwa tayari, jekundu, tupu.

Odhiambo amerudi, safari hii na wazo. Kuna mtu kule Masara anayefanya kazi ya jater kwa siku moja. Anakuja, analala, anaondoka asubuhi, mwiko umekwisha. "Kanisa haitajua, shemeji. Nani ataambia kanisa?"

Nimemwambia ng'o. Lakini humu siandiki uongo. Kabla ya kusema ng'o nilifikiri. Nilifikiri muda mrefu kiasi kwamba aliketi.

Jumatano, 8 Machi

Akinyi hakuitikia salamu yangu kisimani. Simlaumu. Ana watoto wanne na mbegu ndani ya gunia.

Mama hajaja siku ya nne leo. Kigoda kiko pale pale mlangoni. Kimelowa, nimekiingiza ndani.

Nimesoma ukurasa mmoja mara sita. Hakuna kilichobaki. Nimejiuliza nani alinituma. Mtaita, mjane, Macalder, Kigiriki! Ningekuwa ninaangalia kutoka nje ningejicheka mwenyewe. Nilimkasirikia Ochieng' pia, kwa kufa. Alikuwa mtu wa mzaha, angelimaliza jambo hili kwa maneno mawili na wote wangerudi nyumbani wakicheka.

Mvua tena mchana.

Jumapili, 12 Machi

Mama amekuja. Hakuleta karanga. Alikaa, akaangalia karatasi ya ukutani kwa muda, kisha akauliza nitalala wapi Homa Bay.

Kwa Mchungaji Elkana na mkewe, nikasema.

Akanishika kifundo cha mkono. Akasema nisiingie nyumba ya mtu na mke wake. Nimwahidi. Nilikasirika. Mimi ni Mkristo, siamini chira, nimemwambia mara mia. Lakini yeye anaamini, na hakuniachia mkono. Nikaahidi.

Halafu: "Wewe pita mtihani, wewe enda?"

Ndiyo, Mama.

"Wewe anguka?"

Nikafunga kitabu. Alikaa kidogo zaidi, akaondoka kupitia shamba langu badala ya njia. Alitembea polepole, akiangalia chini.

Jumanne, 14 Machi. Homa Bay

Safari ya kutwa. Nimefika na matope hadi magotini.

Mchungaji Elkana ni mfupi kuliko mwandiko wake. Alisimama mlangoni na mikono wazi, karibu Dada Mghoi, karibu ndani. Mkewe nyuma yake, anatabasamu, mkono umeshika mlango. Nikasema asante, nimemwahidi mtu, nitalala kwenye darasa la chekechea pale kanisani. Mchungaji akashangaa. Mkewe hakushangaa. Niliona mabega yake yakishuka. Mama wa watu, mke wa mchungaji, na bado anaogopa chira. Kisha akakimbia kuniletea blanketi, chapati, chai, maji ya moto, akaniletea tena chapati. Wema wote huo kwa kuwa sikuingia.

Viti hapa ni vya watoto wa miaka minne. Nimeketi sakafuni. Ukutani kuna herufi kubwa za rangi, a e i o u. Nimezitazama kwa wivu.

Jumatano, 15 Machi. Homa Bay

Tulikuwa saba. Wanaume sita na mimi. Mmoja aliniuliza chai itakuwa tayari saa ngapi.

Maandishi: sawa. Nadhani sawa. Jedwali la kwanza lilinitoka mkononi bila kufikiri, nililiona tu ukutani kwangu. Sentensi ya tano sikuielewa na sitaielewa mpaka naingia kaburini.

Kisha kusoma kwa sauti mbele ya watu watatu. Hapo, kwa nyuso zao, ndipo nilipojua kwamba miezi yote hii nimekuwa nikitamka vibaya. Nani angenisahihisha? Mmoja wa wale watatu akaweka kalamu chini. Nikajua nimekwisha. Nikaendelea kusoma vile vile, kwa sauti ya kwangu, mpaka mwisho, kwa sababu liwalo na liwe. Akaniuliza nilijifunza wapi. Nikasema Macalder. Na nani? Nikasema na mama mkwe wangu. Wakaangaliana.

Majibu yatakuja kwa posta.

Alhamisi, 16 Machi

Nimerudi. Shamba langu limepandwa.

Mistari iliyonyooka, mashimo yamefunikwa, alama za nyayo ndogo. Mwanzoni nilifikiri nimekosea njia. Kando, Odhiambo na Akinyi wanapanda lao, haraka haraka, watoto wanadondosha mbegu. Akinyi akanipungia mkono. Akanipungia mkono!

Mama alikuwa kwake, miguu ndani ya beseni la maji. Nikauliza. Akajibu kwa Kiswahili chake, bila kuniangalia, kama mtu aliyejifunza maneno yale kwa moyo njiani.

"Shamba nimechukua. Iko yangu. Mimi panda na mkono yangu. Sasa nyumba ya Ochieng' hakuna, imefungwa. Odhiambo hapana ngoja mtu. Wewe hapana jater. Wewe enda."

Ameniondoa kwenye zamu. Mwenye boma anaweza kurudisha kwake shamba alilompa mwanawe, na shamba likirudi kwake halina mjane. Amelipanda siku mbili, peke yake, na magoti yake yanayouma. Hakuna aliyevunja mwiko. Hakuna aliyeshindwa. Na mimi sina mahali.

Nilimkanda miguu.

Jumapili, 19 Machi

Nimekasirika. Hakuniuliza! Jambo la maisha yangu yote, na alisubiri niondoke. Nikianguka mtihani je? Nitarudi kwetu Wundanyi nikamwambie kaka yangu nini, kwamba nilibadilisha shamba kwa herufi?

Jioni: simkasirikii. Ana mwana mmoja aliye hai na wajukuu wanne wa kula. Alijua kwamba angeniuliza, nisingekubali. Alijua pia nisingekataa kwa mdomo wangu. Alinifungulia mlango na kuufunga kwa mkono mmoja.

Odhiambo amesema kwenye nyumba hii sitahamishwa. Itaachwa, nikiondoka, mpaka ianguke yenyewe. Ndiyo desturi ya nyumba ya marehemu. Amesema kwa upole sana.

Watu wameanza kunisalimu karibu. Akinyi ameingia mpaka jikoni kuomba chumvi. Naona sasa hawana sababu ya kuniogopa. Mimi si mke wa mtu wa hapa, hata wa kaburi. Nilidhani ningefurahi.

Jumatatu, 10 Aprili

Posta: hakuna.

Mahindi yamekuja vizuri. Nimetaka kwenda kupalilia, nikafika ukingoni na jembe, nikakumbuka. Nikarudi.

Mama ameniletea samaki. Katika sahani ya maua, ile anayoitoa kabatini akija mgeni.

Jumatano, 26 Aprili

Nimefaulu.

Barua ilikuwa nyepesi. Nimeisoma nimesimama, kisha nimekaa, kisha nimeisoma tena. Kigiriki, sitini na nne kwa mia. Wamesema matamshi yarekebishwe. Masomo yanaanza Mei.

Nilikwenda kumwambia Mama. Alikuwa amelala, mchana, mdomo wazi kidogo, miguu juu ya mto. Sikumwamsha. Nikazunguka boma mara moja. Hapakuwa na mtu mwingine wa kumwambia.

Kuna fomu ya kujaza. Jina, nimejaza. Tarehe ya kuzaliwa, nimejaza. Nyumbani: niliandika Macalder, nikaifuta, nikaandika Wundanyi, nikaifuta, karatasi ikaanza kutoboka, nikaacha hivyo. Jamaa wa karibu wa kujulishwa ukiugua au ukifa: nimeandika jina la yule niliyemwacha amelala, lote, na la baba yake, na kwao alikotoka. Uhusiano: wameacha nafasi ndogo.

Nimeandika Mama. Nimengoja wino ukauke, nikaikunja.

Kesho posta inafunguliwa saa mbili.