Ng'ombe Nane za Kwamboka

Magwagwa,
3 Septemba 1967

Kwa binti yangu Nyanchera,

Nakusalimu sana, salamu nyingi kama mvua ya huku. Uko namna gani na afya? Mimi nina miaka sitini na nane, na kama Wazungu walikosea kuandika kipande changu basi ni sabini. Nilibeba mizigo vita ya Mjerumani nikarudi. Ndui ilipita, nzige walipita, njaa mbili zilipita, ma-D.C. kumi na mmoja walipita, wake wawili nimezika, na mimi niko hapa nakunywa uji. Kwa hivyo usiogope baridi ya Ulaya. Wewe ni damu yangu.

Barua hii naandika kwa mkono wangu. Obadiah, karani wa kanisa letu la Sabato, alitaka shilingi moja aniandikie. Nikamwambia, wewe Obadiah, mimi nilikuwa nyapara Kericho miaka kumi na tisa, kila asubuhi naandika majina ya watu mia mbili, wewe ulikuwa unanyonya. Alirudisha kalamu mfukoni. Ekegusii ni ya kusema, Kiswahili ndiyo ya karatasi, na mimi nayo ninayo.

Watu wanauliza nauli ya ndege ilitoka wapi. Shilingi elfu mbili na mia moja! Tena dhamana ya pasipoti, tena safari tatu za Nairobi kwa sababu yule karani kila siku anasema picha haifai, rudi na nyingine. Nawajibu: ni mkono wa Mogaka. Sikupitisha kofia kwa mtu. Hakuna mzee mwingine hapa ambaye msichana wake amevuka bahari kusomea unesi.

Nyumbani wote ni wazima. Mama yako Drusilla ni mzima lakini amenuna. Ogari kaka yako ni mzima. Kwamboka mdogo wako ni mzima, ana shughuli.

Tuma picha na kofia ya unesi. Nataka kuonyesha watu kanisani.

Mimi Tata yako, baba mzazi,
Mogaka

*

Leeds, Uingereza
10 Desemba 1967

Mpendwa Tata,

Pokea salamu zangu pamoja na Mama na Ogari. Mimi ni mzima, ila miguu imevimba kwa baridi. Viatu nilivyonunua Kisii vilipasuka wiki ya pili.

Tata, huku pesa si kama tulivyofikiri. Hospitali inanilipa, halafu inakata ya chumba, ya chakula, ya kodi na ya bima. Zinazobaki nilinunua koti, kwa sababu lile tulilolipia Nairobi huku ni la kiangazi. Na mwezi uliopita serikali ya hapa imeshusha pauni. Ilikuwa shilingi ishirini za kwetu, sasa ni kumi na saba na senti chache. Nililala nina akiba, nikaamka imepungua na sijanunua kitu.

Lakini sikuandika kwa ajili ya hayo. Nilimtumia Kwamboka barua shuleni. Mwalimu mkuu Onchiri amenijibu yeye. Anasema Kwamboka alitoka darasa la sita mwezi wa saba, akaolewa, na kwamba alikuwa wa pili katika darasa lote. Mwezi wa saba mimi nilikuwa Nairobi, nangoja pasipoti.

Tata, ni ng'ombe za nani zilizonileta huku?

Binti yako,
Nyanchera

*

Magwagwa,
18 Februari 1968

Kwa binti yangu Nyanchera,

Salamu nyingi. Miguu iliyovimba paka mafuta ya ng'ombe, kama huko yako.

Huyo Onchiri ana mdomo. Lakini mimi si mtu wa kujificha, nasema wazi. Ndiyo, Kwamboka ameolewa. Mume anaitwa Jethro, wa huko Nyansiongo, ana shamba la pareto, halewi. Alileta ng'ombe nane na dume moja, na hakuna mzee alipata nane mwaka huo. Niliuza zote, dume pia, nikaweka pesa juu ya meza ya watu wa ndege. Ningefanya nini? Barua ya hospitali ilisema ufike kabla ya Septemba au nafasi inapewa mwingine. Wewe ulikuwa na nafasi mkononi. Yeye alikuwa na darasa la sita.

Mama yako alisema, "Mzee, unakata mguu mmoja ununulie mwingine kiatu." Mwanamke ana maneno.

Anayenisumbua ni Ogari. Wewe unajua desturi yetu, ng'ombe za dada ndizo za kaka kuolea. Mama yenu alizaa kijana mmoja na wasichana wawili, na wewe umeenda bila ng'ombe, kwa hivyo za Kwamboka zilikuwa zake Ogari. Sasa kila jioni anaangalia boma tupu ananiambia, "Tata, ng'ombe zangu zilipanda ndege. Zitarudi lini likizo?" Watoto wa jirani wanacheka.

Ukimaliza masomo utanunua nane nyingine. Pauni ni pauni.

Mimi Tata yako,
Mogaka

*

Leeds,
2 Juni 1968

Mpendwa Tata,

Shikamoo. Nilichelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nililia, na karatasi huku ni pesa.

Sikuambiwa. Ningeambiwa nisingepanda ile ndege, na nadhani ndiyo sababu hamkuniambia.

Nimefanya hesabu. Ng'ombe nane na dume ni kama shilingi elfu mbili, yaani pauni mia moja na kumi na saba. Kwa mwezi nikijibana nabakisha nne, tano. Siku zangu za mapumziko nimepata kazi ya kufua na kupiga pasi kwa mama mmoja mgonjwa. Nilitaka kuhama hosteli nipate chumba cha bei ndogo, lakini nyumba tatu nilizopiga hodi hazitaki watu weusi, wameandika kabisa dirishani. Nitabaki hapa hapa.

Pesa hizo nitazituma kwa jambo moja tu. Mrudishie Jethro ng'ombe zake, Kwamboka awe huru arudi shule. Mwalimu Onchiri ameniandikia kwamba atampokea, lakini hawezi kumpokea mke wa mtu. Ndugu za mume watakuja kumtoa darasani. Ng'ombe zirudi kwanza. Na iwe kabla hajapata mtoto, Tata, maana akizaa unajua mtoto ni wa ukoo wa baba yake.

Niahidi.

Nyanchera

*

Magwagwa,
27 Oktoba 1968

Kwa binti yangu Nyanchera,

Salamu. Mimi ni mzima, jino moja tu limetoka na silihitaji.

Kwamboka amerudi mwenyewe. Alitembea kutoka Nyansiongo siku mbili, mvua inamnyeshea, na gunia kichwani. Nikamuuliza, "Nani amekuita?" Akasema, "Nyanchera." Kumbe mama yako alimpelekea habari ya barua yako. Nikasema, "Nyumba hii ni ya Nyanchera siku hizi?" Mama yako akajibu yeye: "Ni ya ng'ombe zake Kwamboka. Mpishe, ameloa."

Nikampisha.

Wiki ile ile ndugu watatu wa Jethro walikuja na fimbo. Nilisimama mlangoni peke yangu. Nikawaambia mimi nimesimama mbele ya Mjerumani, nyinyi ni nani? Ng'ombe zenu mtapata, msichana wangu mmoja yuko Ulaya anazitengeneza. Nipeni mpaka shule zifunguliwe mwaka wa sabini. Wakakubali, mbele ya mzee wa kijiji. Ikipita siku hiyo wanamchukua.

Yeye anachuma majani chai, na mchana anasoma vitabu vya Onchiri juu ya jiwe. Hana mimba.

Nimeahidi. Mogaka akiahidi imekwisha.

Mimi Tata yako,
Mogaka

*

Leeds,
9 Novemba 1969

Mpendwa Tata,

Natumaini barua hii itawakuta wote wazima. Mimi ni mzima.

Ndani yake kuna manioda ya pauni mia moja na kumi na tisa. Nenda posta ya Kisii na kipande chako, usimpe mtu mwingine. Nilikuwa naweka akiba nyingine ya kuja kuwaona baada ya mtihani. Nimeitia humu humu ili itimie, kwa hivyo sitakuja.

Mwambie Kwamboka nimefurahi. Pauni mbili za juu ni za sare ya shule, na mshonaji aache upindo mrefu, sijui amekuwa na urefu gani.

Ziko ng'ombe nane na dume katika bahasha hii, Tata. Zipeleke Nyansiongo.

Nyanchera

*

Magwagwa,
25 Januari 1970

Kwa binti yangu Nyanchera,

Salamu nyingi. Pesa zilifika zote. Nilikwenda posta na kofia yangu ya nyapara, karani alihesabu mara mbili.

Nilinunua ng'ombe nane na dume upande wa Sotik, nzuri, tatu zina maziwa. Sikula hata senti. Niliziingiza bomani ili zilale, kesho twende Nyansiongo. Ogari akaja akasimama kwenye mlango wa boma. Hakupiga kelele. Akasema, "Tata, nina miaka ishirini na tisa. Wa rika langu wanapeleka watoto shule. Abigael wa Onyancha ameningoja miaka miwili, na baba yake amesema Sabato ijayo anampa mtu mwingine. Hizi ni ng'ombe za dada yangu. Niambie kwa desturi gani zinapita mbele yangu ziende kwa Jethro."

Nyanchera, mimi sikukosa kuelewa barua yako. Niliielewa kabisa. Lakini nilitafuta jibu la kumpa huyo kijana nikakosa. Msichana aliyeolewa ana kwake. Kijana asiyeoa hana mahali hata pa kuzikwa kama mtu. Baba yangu angefanya hivyo, na baba yake. Asubuhi nilizipeleka kwa Onyancha.

Ndugu za Jethro walikuja siku shule ilifunguliwa. Walimkuta njiani, amevaa ile sare. Hakupigana. Alirudi nyumbani nao, akaivua, akaikunja, akaitia kwenye gunia. Mama yako alilala chini mbele ya mlango, wakamruka. Kwamboka akaniambia, "Tata, kaa vizuri." Ni hayo tu.

Harusi ya Ogari ilikuwa nzuri. Watu walikula.

Mimi ndiye mwenye boma. Nilikata shauri.

Tata yako,
Mogaka

*

Magwagwa,
14 Septemba 1970

Kwa Nyanchera,

Salamu. Hii ni barua ya tatu bila jibu. Labda posta wanazipoteza. Nilimgombeza karani.

Mama yako anakula lakini haongei na mimi. Abigael ana mimba. Uko namna gani na afya? Kama hutaki kuandika maneno, tuma hata bahasha tupu, nione mkono wako juu.

Tata yako,
Mogaka

*

Magwagwa,
20 Agosti 1972

Kwa binti yangu Nyanchera,

Nakusalimu pale ulipo. Onchiri ameniambia ulipita mtihani, wewe ni nesi kamili, na umepata nyumba. Nilimuuliza kama ulinisalimia. Akasema mvua imekaribia, akaondoka.

Sitaki pesa. Nataka kukueleza kitu nilichofanya, kwa sababu hakuna mtu mwingine atakueleza.

Mwezi wa tano niliuza shamba langu la bondeni, lile la ndizi, ambalo kila Jumatatu lilijaza vikapu vya mama yako vya soko la Daraja Mbili. Ogari aliniambia nimezeeka vibaya. Nikanunua ng'ombe nane na dume. Nikazipeleka Nyansiongo kwa mguu, na mimi na umri huu, Obadiah akinisaidia kuzifukuza. Njiani nilipanga maneno ya kusema. Nilipofika nilisimama katika uwanja wa Jethro nikavua kofia.

Jethro alinipa kiti. Si mtu mbaya. Alizitazama ng'ombe, akazigusa, akasema, "Mzee, hizi nitachukua, sitakunyima. Mpeleke binti yako. Lakini mtoto anabaki."

Kwamboka alikuwa mlangoni. Anaye mtoto wa kiume, mwaka mmoja na nusu, alikuwa mgongoni. Nikamwambia, "Mwanangu, nimeleta. Zote. Twende nyumbani." Nilisema kwa sauti ndogo. Obadiah anasema hajawahi kunisikia nikiongea hivyo.

Akasema, "Tata, wa darasa langu ni walimu sasa."

Nikasema, "Onchiri bado yuko."

Akamshusha mtoto, akamweka mbele, akamfuta pua. Akasema, "Na huyu nimwachie nani? Rudi na ng'ombe zako kabla giza halijaingia, barabara ina utelezi." Akaniletea uji. Nilikunywa wote kwa sababu yeye ndiye alipika.

Nilizirudisha kwa njia ile ile. Magwagwa watu walitoka dukani kunitazama. Kijana mmoja akaita, "Mzee Mogaka, hata wewe umekataliwa posa?" Wakacheka. Sikumjibu. Mimi, Nyanchera, sikumjibu.

Ng'ombe ziko bomani. Mama yako anazikama, bado haongei na mimi, maziwa ananiwekea kwenye kikombe anaenda. Sijui ng'ombe hizi ni za nani sasa. Ogari hazitaki, Jethro hawezi kuzichukua na mke amebaki kwake, na mimi siwezi kuziuza. Nikiziangalia nafikiri wewe ulifua nguo ya mgonjwa miezi mingapi kwa kila moja.

Unaweza kufikiri natunga maneno ili unijibu. Nimekuwa mtu wa kujisifu, najua husemwa hivyo. Kwa hivyo nakupa mashahidi. Muulize Obadiah, alifukuza ng'ombe kwenda na kurudi, na hanipendi, hawezi kunidanganyia. Muulize Onchiri, nilimsomea barua hii kabla ya kuifunga, na pale nilipoandika uongo kidogo alinifanya nifute.

Na kama hao huwaamini, mwandikie Kwamboka mwenyewe, kwa Jethro, Nyansiongo. Hahitaji mtu wa kumsomea.

Tata yako,
Mogaka